Mifuko Thelathini na Sita

Kabla sijaanza habari za mpwa wangu, ni vizuri mjue anayewasimulia ni nani. Mimi ni mpiga pasi wa karakana ya ushonaji. Si mpiga pasi wa kuunguza kola za watu. Shati likitoka mezani kwangu linaweza kusimama lenyewe bila mtu ndani. Shule niliachana nayo darasa la sita, na mpaka leo haijulikani nani alimchoka mwenzake, lakini herufi zote nazijua. Karakana yetu ina mafundi sita, vyerehani sita na mdomo mmoja. Mdomo ndio huu.

Mpwa wangu ni mtoto wa dada yangu, wa pekee. Kazini anaitwa Taratibu. Jina nilimpa mimi, na majina ninayotoa mimi hayabanduki hata kwa maji ya moto. Si kwamba ni mvivu. Huyo tangu utotoni akipewa viazi amenye, wenzake wanamaliza na kwenda kucheza, yeye ndio kwanza yuko kwenye kiazi cha tatu; ila ukiliokota ganda lake unaona jembamba, limetoka zima bila kukatika. Dada alikuwa akisema, "Huyu mtoto atachelewa hata kuzeeka." Nami namjibu, "Basi kamfuata mjomba wake."

Nilimpeleka mwenyewe kwa Fundi Mkuu, mama mwenye karakana, akiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza mwanafunzi hupewa kipande cha kitambaa ashone mstari ulionyooka. Wengine hushona mmoja wakainua kichwa kungoja sifa. Taratibu alijaza kitambaa chote, mstari kando ya mstari, mpaka uzi ukamwishia. Fundi Mkuu alikigeuza huku na huku, akaniuliza, "Huyu umemtoa wapi?" Nikasema, "Ni damu." Sifa nikaibeba mimi, nikaenda nayo nyumbani.

Miaka kumi na moja alishona bila kelele. Watu wenye miili migumu walimtaka yeye tu. Kulikuwa na mzee ambaye bega moja limeshuka kuliko jingine, mafundi wote walimkimbia. Taratibu alimpima mara tatu, akamshonea koti, na mzee alipolivaa mabega yakawa mapacha. Mzee alijitazama kwenye kioo hadi tukaona aibu kumwangalia. Hiyo ndiyo kazi ya mpwa wangu. Hakuwahi kumuuliza mtu kama amechelewa au amewahi.

Halafu akaja Umeme.

Jina hilo pia langu. Ni mwanamke wa rika la Taratibu, mama wa watoto wawili, mwenye mikono ambayo huioni, unaona tu kitambaa kinasogea. Vyerehani vyetu viko safu mbili zinazotazamana, na katikati kuna meza ndefu ya vitambaa. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ile ya kumtazama Taratibu uso kwa uso. Akakaa hapo.

Wiki hiyohiyo shule moja ikaleta oda ya mashati meupe, zaidi ya mia mbili. Mnajua kazi ya sare: shati ni lilelile kutoka asubuhi mpaka jioni, mpaka unaanza kuota vifungo. Kila fundi alifungiwa waya nyuma ya kiti chake, shati likiisha linatundikwa hapo, nami nalifuata kulipiga pasi. Kwa hiyo kila mtu aliona waya wa mwenzake. Na mimi, nikiwa nimesimama mwisho wa meza na pasi yangu, niliona nyaya zote. Nikaona hapa pana burudani inapotea bure.

Nikashika chupa ya kunyunyizia maji kama kipaza sauti. "Wasikilizaji wapenzi, tuko dakika ya sitini! Umeme ana mashati manne. Manne! Anapiga chenga, anaingia kwenye kola, anatoka! Huku Taratibu ana moja, na la pili naona linakataa kuzaliwa."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Taratibu naye alicheka. Nataka hilo lieleweke, alicheka, na siku ya pili pia alicheka. Fundi Mkuu alitoa kichwa ofisini akasema, "Mzee, endelea, naona mikono imeamka." Unafikiri mtu kama mimi akishaambiwa aendelee ataacha? Nilitangaza asubuhi, nikatangaza mchana, nikatangaza wakati watu wanafunga mikoba. Nilikuwa na sauti ya kipindi cha kwanza na sauti ya kipindi cha pili. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini wahenga hawakuwahi kunisikia nikitangaza.

Wiki ya tatu Taratibu alianza kufika kabla ya mlango kufunguliwa. Namkuta amesimama nje, mkasi mkononi. Chai akaacha, kikombe kinapoa hadi kinafanya ngozi juu. Macho yake hayakuwa kwenye sindano tena. Yalikuwa yanavuka meza, yanatua kwenye mikono ya Umeme, yanarudi, yanavuka tena. Niliona. Msiseme sikuona. Niliona nikasema, "Taratibu, unamtazama mwenzio hivyo, unataka kumposa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Dada yangu akaniita pembeni siku moja. "Kaka, mwanao halali."

"Atalala. Kazi imebana."

"Hapana, sikiliza. Jana ameshika sahani, hali. Namuuliza vipi, ananiambia, 'Mama, wewe umemaliza, mimi bado.' Anatazama nani kamaliza kutafuna! Akitoka nje anahesabu nguo kwenye kamba ya jirani, halafu anahesabu zetu. Kamba ya jirani ina nguo nyingi maana wako wanane! Sisi wawili!"

Nikamwambia, "Dada, wanawake mna mambo," nikaenda zangu. Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema, na kuyasoma siyapendi.

Siku nane baadaye gari la shule likarudisha gunia. Ndani yake mashati thelathini na sita, na juu kikaratasi cha mwalimu: *Wanafunzi wetu mioyo yao iko kushoto. Tafadhali na mifuko iwe huko. Tunayahitaji Jumatatu.*

Fundi Mkuu alilitandaza la kwanza mezani. Mshono safi, kola imekaa, vifungo vimenyooka, na mfuko upo kulia. La pili, kulia. Yote thelathini na sita.

Fundi yeyote anajua mfuko wa shati hukaa kushoto. Mtu anaujua hivyo kuliko jina la baba yake. Lakini mfuko hushonwa mwanzo kabisa, kipande cha mbele kikiwa bado kimelala mezani peke yake. Umeme alikuwa akinyoosha mkono wake wa kushoto kuchukua kipande cha kushoto. Na mtu anayekutazama uso kwa uso, kushoto kwako ni kulia kwake. Mpwa wangu hakuwa anashona shati tena. Alikuwa anamshona Umeme. Mikono yake ilimfuata yule mwingine kama kioo kinavyomfuata mtu, ikachukua upande usio wake.

"Haya ya nani?" Fundi Mkuu akauliza.

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Mshono ule ungeweza kuutambua gizani kwa kidole. Taratibu akasimama. "Yangu." Akakunja futi yake ya kupimia, akatia mkasi kwenye mkoba, akafunika cherehani chake kama mtu anavyofunika mgonjwa. Mlangoni akasema, "Mama, kiti mpe mtu mwingine," akatoka.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Mashati yale yalipigwa pasi na nani? Na mimi. Thelathini na sita, moja moja. Nilipitisha pasi juu ya kila mfuko, nikalikunja shati kwa ustadi mfuko uonekane mbele, na sikuona, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa kazini. Nyani haoni kundule. Mimi niliyejivunia miaka ishirini kwamba hakuna kasoro inayopita mezani kwangu.

Fundi Mkuu si mtu mbaya, lakini ni mtu mwenye karakana. Aliniambia, "Mjomba, kiti kitakaa wazi mpaka Jumatatu. Baada ya hapo, watu wanaotaka kazi wanajaa mlangoni kwangu."

Ilikuwa Jumatano.

Dada alimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Muuguzi alikaa naye chumbani muda mrefu, mlango umefungwa, sisi kwenye benchi. Alipotoka alisema arudi kila wiki wazungumze, apate dawa kidogo ya kumsaidia kulala, ale hata kama hataki. "Na msimwache peke yake," akasema. "Wala msimlazimishe kuchangamka. Na msimseme."

Alisema "msimseme" akimwangalia dada. Lakini mshale ulipotua mimi ndiye niliyeusikia.

Alhamisi nilikwenda kumwona. Chumba chake ni kidogo: kitanda, sanduku, pazia alilolishona mwenyewe. Alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Mpwa wangu."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama kanihesabia vijiko, kamuulize."

Nikakaa kwenye sanduku. Kwa kawaida mimi nikikaa mahali, utani unakaa na mimi. Siku hiyo ulibaki nje. Nikamwambia, "Turudi kazini. Mifuko inafumuliwa, haya mambo hutokea."

"Si mifuko, mjomba." Aligeuka. Uso ulikuwa umeisha. "Zamani nilikuwa nikikaa kwenye cherehani nasikia vingine vitano vinalia, najisikia niko na watu. Sasa kila kimoja nasikia kinaniambia umebaki, umebaki. Hata hapa nasikia. Jirani akifagia nasikia amefagia zaidi. Kichwa hakizimiki."

"Ni mimi nilikianzisha," nikasema.

Alinitazama. Nilitegemea ataniambia hapana, mjomba, ulikuwa unatania tu. Ndivyo watoto wetu walivyofundishwa kutujibu. Hakusema hivyo. Alisema, "Ndiyo," akarudi ukutani.

Nilikaa pale juu ya sanduku. Nimetukanwa maishani, nimefukuzwa sehemu mbili za kazi, sijawahi kupigwa na neno dogo kiasi hicho.

Ijumaa nilifika karakana nikapiga pasi bila neno. Mafundi wakaanza kutazamana. Mmoja akaniuliza, "Mjomba, redio imekatika betri?" Nikasema imekatika. Mchana Umeme akanifuata nilikokuwa najaza maji.

"Naomba nikuambie kitu. Usinitangaze."

"Sema."

"Kola zangu nilikuwa nashona nyumbani. Alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Nakuja nazo mkobani, sita, nane. Hapa naziunganisha tu."

Nikaiweka chupa chini. "Kwa nini, mama?"

"Wewe unauliza kwa nini? Siku ya kwanza tu ulinitaja wa kwanza! Mtu akishatajwa wa kwanza mbele za watu, kesho yake atajificha wapi?" Akajifuta uso kwa kanga. "Halafu nilikuwa namwogopa yeye. Kweli kabisa. Natazama shati lake kwenye waya, natazama langu. Lake limelala, langu limejikunja kwenye bega. Nikasema siku nikipunguza mwendo, huyu mzee ataacha kuhesabu mashati aanze kuyatazama. Nitakwenda wapi?"

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vya Umeme viliundwa jikoni kwake kabla jua halijatoka, mguu mmoja kwenye cherehani na mwingine unambembeleza mtoto asiamke. Wawili hao walikuwa wanakimbia, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayemfukuza, na mimi katikati nimeshika chupa ya maji.

Nikaenda kwa Fundi Mkuu. Nikamwambia gunia nalichukua, mashati yatakuwa tayari Jumatatu, na mifuko itafumuliwa nyumbani kwa aliyeyashona, kisha tutaishona upya kushoto karakana Jumapili. Akasema, "Mgonjwa unampelekea kilichomuua?" Nikasema, "Muuguzi amesema asiachwe peke yake. Hakusema tukakae naye tumekunja mikono." Ni hoja niliyoitunga palepale, na siwezi kuwaambieni nilikuwa na uhakika nayo. Alinipa gunia.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikwenda, mimi, Umeme na Fundi Mkuu mwenyewe, ambaye alisema anapita tu kisha akavua viatu. Dada akatandika mkeka. Taratibu alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani. Alipomwona Umeme akashusha macho.

Umeme hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti pale mkekani akayasema yote, kola, alfajiri, mkoba. Hakutafuta maneno mazuri.

"Nane kwa siku?" Taratibu akauliza.

"Kuna siku kumi."

"Kwa hiyo nilikuwa nashindana na watu wawili. Wewe wa kazini na wewe wa nyumbani."

"Nisamehe, mwenzangu."

Taratibu akafikiri. Kila kitu chake huchukua muda, na safari hii hakuna aliyemharakisha. "Sijui kama nimekusamehe. Ngoja kwanza." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa, "Nilidhani nikisikia jambo kama hili kichwa kitanyamaza. Hakijanyamaza."

Dada akaanza kulia. Fundi Mkuu, ambaye hajui kufariji ila anajua kazi, akalifungua gunia akalimwaga mkekani. "Mwenye wembe anipe wembe," akasema.

Tukaanza kufumua. Kufumua mfuko si kazi ya kuvutia: unakata uzi mmoja, unaruka mitatu, unakata, halafu unavuta polepole kitambaa kisichanike. Mimi nilikuwa dirishani na pasi na kitambaa kibichi, nafunga matundu ya sindano kwa mvuke, kazi ambayo hata adui zangu wanakiri hakuna anayeniweza. Dada hakuwahi kufumua kitu maishani. Shati la kwanza alilitoboa, Fundi Mkuu akamnyang'anya wembe. "Mama Taratibu, wewe leta chai."

"Kwangu mwenyewe nafukuzwa kazi," dada akalalamika, na Umeme akacheka, akaziba mdomo.

Kama robo saa Taratibu hakugusa kitu. Halafu akateremka kitandani, akaokota shati moja, akautazama mfuko wake muda mrefu sana. Akachukua wembe. Alikata uzi wa kwanza.

Sikumtazama. Yaani nilijitahidi nisimtazame. Lakini macho ya miaka ishirini hayafungwi kwa siku moja. Niliona Umeme amemaliza matano na Fundi Mkuu manne, Taratibu yuko kwenye la pili. Niliona, na maneno yalinijia mdomoni yenyewe, yamevaa viatu vya mpira kabisa, dakika ya sitini, wasikilizaji wapenzi. Nikayameza. Yana ladha mbaya kuyameza.

Halafu nikaona mikono ya mpwa wangu imesimama. Macho yake yalikuwa kwenye rundo la Umeme, na midomo inacheza bila sauti. Moja, mbili, tatu. Jasho limemtoka juu ya mdomo.

Umeme aliona pia. Hakusema pole wala acha. Alinyoosha mkono akalisukuma rundo lake katikati ya mkeka, likaingia juu ya la Fundi Mkuu. Kisha akachukua yale mawili ya Taratibu, akayatia humo humo, akayavuruga kama mtu anayetafuta soksi. Likawa rundo moja, hakuna anayejua la nani ni lipi.

Taratibu akalitazama lile rundo. Akanigeukia mimi.

"Mjomba, nani kafumua mengi?"

"Sijui."

"Unajua. Wewe unajua kila wakati."

"Najua," nikasema. "Ila sisemi."

Alinikazia macho kama anayemkagua mtu aliyemuuzia kitu kibovu mara ya kwanza. Hatimaye akainama akaendelea kukata uzi. Baada ya muda, bila kuinua kichwa, akamwambia Fundi Mkuu, "Jumatatu nitakuja. Ila sitaki kukaa pale. Niwekeni nitazame ukuta. Na kichwa kikinishinda saa nne, saa nne nitarudi nyumbani."

"Njoo hivyohivyo," Fundi Mkuu akasema. "Ukuta ninao."

Dada akaleta chai. Taratibu alikunywa nusu kikombe, na hakutazama nani alimaliza kwanza, au alitazama na mimi sikuona. Yalibaki mashati kumi na moja. Alipofika kwenye la nne nikaona midomo yake inacheza tena, kidogo tu, kama mtu anayesoma kwa siri. Nikashika pasi, nikatandika kitambaa kibichi juu ya matundu, nikabonyeza.